Piramidi Iliyopinda ya Dahshur: marekebisho matatu juu ya msingi mbovu

Kilomita kama 40 kusini mwa Cairo, pale Dahshur, ipo piramidi inayopanda kwa mteremko mkali hadi karibu nusu ya kimo chake, kisha inalala ghafla na kumalizia kwa mteremko wa pole. Wageni wengi huipita wakidhani ni mtindo wa zamani. Ukiingia ndani na kuangalia nyufa, plasta na boriti, unagundua kuwa jengo hili lilianza kuharibika likiwa bado mikononi mwa mafundi, na kwamba kupinda kwake kulikuwa jaribio la tatu la kuliokoa.

Hapa tunalifuata uamuzi kwa uamuzi. Wasimamizi wa kazi tunawataja kwa vyeo vyao tu. Mfalme hatuwezi kumficha, maana jina lake limo ndani ya jina la piramidi yenyewe: "Sneferu Anang'aa, ya Kusini".

Usuli

Sneferu alikuwa mfalme wa kwanza wa Nasaba ya Nne, karibu mwaka 2600 KK, na ndiye baba wa Khufu aliyejenga Piramidi Kuu ya Giza. Kabla ya zama za piramidi wafalme na wakuu walizikwa chini ya mastaba, yaani jengo la mstatili lenye paa bapa juu ya shimo la kaburi. Karibu mwaka 2650 KK mfalme Djoser, pamoja na msimamizi wake Imhotep, aliweka pale Saqqara piramidi ya ngazi 6 yenye kimo cha kama mita 60. Ilianza kama mastaba ikakuzwa kwa awamu.

Kuna jambo moja la kiufundi kwenye piramidi za ngazi ambalo lazima lieleweke, kwa sababu ndilo lililokuja kuwaponza watu wa Dahshur. Hazikujengwa kwa kozi za mawe zilizolala sawasawa kama ukuta wa nyumba. Zilijengwa kwa kuta nene zilizoegemezana kuelekea katikati, na mawe ya kila ukuta yakalazwa yakiinamia ndani. Kwa jengo la ngazi ni njia nzuri: kila ukuta unalalia ule wa ndani yake na haufunguki kwenda nje. Mafundi wa Sneferu waliurithi ujuzi huo na kuutumia kwenye umbo ambalo haukuwa umeandaliwa kwa ajili yake.

Kazi ya piramidi ilikuwa moja na pande mbili. Kwanza, kaburi: mwili wa mfalme ulipaswa kulindwa ili ka yake, ile nguvu ya uhai inayoendelea baada ya kifo, iwe na mahali pa kurudia na kupokea chakula. Pili, chombo cha kupandia mbinguni. Maandiko yaliyochongwa ndani ya piramidi ya mfalme Unas karibu mwaka 2350 KK, ambayo ndiyo ya kwanza ya aina yake, yanataja ngazi iliyowekwa ili mfalme apande angani. Ndiyo maana mlango wa kawaida uko upande wa kaskazini, ukielekea nyota zisizotua. Wakati wa Sneferu jua lilipata nafasi kubwa zaidi: pande zikawa laini badala ya ngazi, na mahali pa sadaka pakahamia mashariki, jua linakochomoza. (Ile habari kwamba piramidi zilikuwa maghala ya nafaka inakufa mara tu unapopima. Chumba cha chini cha piramidi hii kina sakafu ya kama mita 6 kwa 5, ndani ya mlima wa mawe wenye upande wa karibu mita 189.)

Sadaka hazikuwa za siku moja. Zilihitaji makuhani, na makuhani walihitaji mashamba. Kwenye hekalu la bondeni la piramidi hii, lililochimbuliwa na Ahmed Fakhry katika miaka ya 1950, kuta zilichongwa safu za wanawake wakibeba mazao, kila mmoja akiwakilisha shamba la mfalme katika jimbo fulani. Nyuma ya piramidi, basi, kulikuwa na mfumo mzima wa uchumi uliokuwa ukiisubiri ikamilike.

Mahali na vipimo

Eneo lililochaguliwa lilikuwa na kasoro moja tu, na ilikuwa kubwa. Chini ya piramidi hakuna mwamba imara. Kuna changarawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi uliojibana. Udongo wa namna hii hubeba mzigo mdogo bila shida. Ukiuwekea mzigo mkubwa hubonyea, tena haubonyei sawa kila mahali.

Kipimo chao kikuu kilikuwa dhiraa ya kifalme, kama sentimita 52.4. Dhiraa moja ina viganja 7, na kiganja kimoja kina vidole 4. Mteremko hawakuupima kwa nyuzi kama sisi. Walihesabu: ukipanda dhiraa 1, unaingia ndani viganja vingapi? Viganja 5 vinatoa nyuzi 54 na nusu hivi. Viganja 5 na nusu, kipimo kilichotumika baadaye kwa Khufu, vinatoa nyuzi karibu 52. Viganja 7 na nusu vinatoa nyuzi 43.

Uzuri wa njia hii ni kwamba fundi anaweza kuuhakiki mteremko kwa timazi na fimbo kwenye kila jiwe la uso. Ubaya wake ni kwamba kosa dogo linajilimbikiza. Ukikosea kidole 1 kwa kila dhiraa kwenye piramidi ya dhiraa 252, kileleni umekosea dhiraa 9, karibu mita 4.7. Pande nne haziwezi kukutana. Msingi unaobonyea kona moja kuliko nyingine unaleta kosa hilohilo hata kama kila fundi amepima vizuri.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

*Piramidi ya kwanza.* Walianza na msingi wa kama dhiraa 300, yaani mita 157 kila upande, na mteremko mkali unaokaribia nyuzi 60. Ndani waliacha njia ya kushuka kutoka upande wa kaskazini, ambayo leo ina urefu wa zaidi ya mita 70, inayofika kwenye vyumba vya chini. Paa la chumba kikuu lilijengwa kwa kusogeza kila kozi ya mawe sentimita chache ndani kuliko iliyo chini yake, hadi kuta zikakaribia kukutana juu, kimo cha kama mita 17 kutoka sakafuni. Paa la mawe mawili yaliyoegemezana kama pembe lilikuwa bado halijaanza kutumika kwenye piramidi, na jiwe bapa lisingestahimili uzito ule juu ya nafasi pana namna hiyo. Kusogeza kozi ndiko kulikokuwa njia salama waliyoijua.

*Nyufa za mwanzo.* Jengo likiwa bado linapanda, udongo ulianza kubonyea. Kuta za njia na vyumba zikapasuka. Fundi yeyote aliyewahi kujenga kwenye mfinyanzi anaujua ufa huu: hauanzi juu kwa sababu ya tofali bovu, unaanzia chini na kupanda kwa mshazari. Mafundi wa Sneferu walizijaza nyufa kwa plasta ya jasi. Plasta hiyo bado ipo, na ni ushahidi mzuri kwamba tatizo liliwafika wenyewe, halikusababishwa na tetemeko la karne za baadaye.

*Mshipi wa nje.* Uamuzi mkubwa wa kwanza ulikuwa kuizungushia piramidi yote ukuta wa nyongeza wenye unene wa kama dhiraa 30, karibu mita 15.7 kila upande. Msingi ukafika dhiraa 360, mita 189 hivi, na mteremko ukapunguzwa hadi nyuzi 54 na nusu. Njia ya kushuka ikarefushwa kupita ndani ya nyongeza hiyo. Ukiingia leo kwa mlango wa kaskazini, ulio kama mita 12 juu ya ardhi, mita chache tu ndani sakafu na dari vinavunjika mstari. Hapo ndipo jengo jipya lilipokaa chini kivyake na kuachana na la zamani.

*Chumba cha juu.* Kilijengwa chumba kingine juu zaidi, chenye mlango wake upande wa magharibi, kama mita 33 kutoka chini. Njia yake iliwekewa mawe mawili makubwa ya kufungia, yanayoteleza kwa mshazari kutoka pembeni. Kipo pia kichochoro chembamba kinachounganisha chumba cha chini na njia ya magharibi. Hicho kilichimbwa kwa patasi kupita mawe yaliyokwisha kujengwa, bila unadhifu wowote. Hakikuwemo kwenye ramani ya mwanzo.

Ndani ya chumba cha juu kuna boriti za mwerezi zilizokazwa baina ya ukuta na ukuta, na sehemu ya chini ya chumba ilijazwa mawe. Mwerezi hauoti Misri. Kumbukumbu za kifalme zilizochongwa kwenye Jiwe la Palermo zinataja meli 40 zilizojaa mwerezi zilizoletwa wakati wa Sneferu. Wapo wanaosema boriti hizi ni mabaki ya jukwaa la mafundi. Hoja hiyo ina uzito mdogo: jukwaa huondolewa kazi ikiisha, hasa likiwa la mbao ghali kutoka ng'ambo, ilhali hizi zimeachwa zikiwa zimebana kuta ambazo tayari zina nyufa.

*Kupinda.* Kwenye kimo cha kama mita 47 mteremko ukabadilishwa kutoka nyuzi 54 hadi 43 na ushee. Wakati huohuo yakabadilika mambo mengine mawili ambayo kwa nje hayaonekani sana: mawe yakawa madogo zaidi, na kozi zikalazwa sawasawa badala ya kuinamia ndani. Piramidi ikamalizwa kwa kimo cha mita 105 badala ya 132 hivi.

Maamuzi na sababu zake

Kwa nini hawakuacha? Mfano wa kuacha ulikuwepo. Piramidi ya mfalme Sekhemkhet pale Saqqara ilibaki kipande tu. Lakini yeye alitawala muda mfupi. Sneferu alikuwa hai, hazina yake ilikuwa nzima, na vyumba vilikuwa vimeshakamilika. Wasimamizi walichagua njia mbili kwa pamoja: kuimaliza hii kwa tahadhari, na kuanza nyingine karibu kilomita 2 kaskazini, ile tunayoiita leo Piramidi Nyekundu.

Kwa nini mshipi? Ni jibu la asili kwa mtu anayeona ukuta unatanuka: unauzungushia kitu cha kuubana. Tena walikuwa wamezoea kukuza piramidi kwa kuongeza tabaka la nje. Djoser alifanya hivyo, na piramidi ya Meidum, kusini zaidi, ambayo nayo huhusishwa na Sneferu, ilikuwa imekuzwa kutoka ngazi 7 hadi 8. Walitumia dawa waliyoijua kwa ugonjwa wasioujua.

Kwa nini kupinda pale na si chini zaidi? Maelezo matatu yanashindana. La kwanza ni la haraka: mfalme alikuwa karibu kufa, ikabidi kilele kifupishwe. Hili halisimami. Alama za tarehe kwenye mawe ya Piramidi Nyekundu zinaonyesha kuwa kazi pale ilianza na kuendelea kwa miaka baada ya hapo, na mtu anayekufa haanzishiwi piramidi mpya yenye upande wa mita 220.

La pili ni la Kurt Mendelssohn, mwanafizikia aliyedai katika miaka ya 1970 kwamba ganda la nje la Meidum liliporomoka ghafla wakati Dahshur ikiendelea, na hofu ikawafanya wapunguze mteremko. Wazo hili linavutia, na bado linasimuliwa sana. Lakini kifusi cha Meidum kilipochimbuliwa hapakutoka maiti za wafanyakazi, kamba wala zana zao. Zaidi ya hapo, kwenye hekalu dogo lililo mguuni pa piramidi hiyo kuna maandishi ya wageni wa Nasaba ya 18, zaidi ya miaka 1,000 baadaye, wakisifu uzuri wa hekalu la Sneferu. Hekalu lililofukiwa na kifusi halitembelewi.

La tatu ndilo linaloungwa mkono na jengo lenyewe: nyufa hazikukoma baada ya mshipi, na mteremko ndio kitu pekee kilichobaki mikononi mwao. Msingi haukuweza kubadilishwa tena. Vyumba vilishajengwa. Kilichosalia kuchagua kilikuwa kiasi cha mawe ambayo yangeongezwa juu.

Matokeo

Piramidi ilisimama, na miaka zaidi ya 4,500 baadaye bado imesimama, vyumba vyake havijaporomoka. Ndiyo piramidi iliyobaki na ganda lake la mawe meupe ya chokaa kuliko nyingine zote za Misri. Sababu moja inayotolewa ni kwamba mawe ya sehemu ya chini yanainamia ndani, kwa hiyo wezi wa mawe wa karne za kati walishindwa kuyachomoa kwa urahisi kama walivyofanya Giza.

Kama kaburi, ilipoteza nafasi yake. Mfalme kwa uwezekano mkubwa alizikwa kwenye Piramidi Nyekundu. Hata hivyo Piramidi Iliyopinda haikutupwa: iliwekewa piramidi ndogo ya pembeni upande wa kusini, yenye kimo cha mita 26, mahali pa sadaka mashariki, na barabara ya mawe ya zaidi ya mita 700 hadi hekalu la bondeni. Ibada ya Sneferu iliendelea pale hadi Ufalme wa Kati, yaani zaidi ya miaka 500 baadaye. Mwezi Julai 2019 serikali ya Misri iliifungua tena kwa wageni baada ya kufungwa tangu 1965.

Uchambuzi

Tuanze na hesabu, kwa sababu inapunguza sifa za kupinda. Piramidi ikifika mita 47 kati ya 132 zilizokusudiwa, unaweza kudhani theluthi moja tu ya kazi imefanyika. Kwa ujazo si hivyo. Sehemu iliyobaki juu ni piramidi ndogo yenye kimo cha mita 85, na ujazo wake ni kama asilimia 27 tu ya jengo zima. Asilimia 73 ya mawe yalikuwa tayari yamekaa juu ya ule mfinyanzi. Kupunguza mteremko hadi nyuzi 43 kulikata theluthi moja ya hiyo asilimia 27, yaani karibu asilimia 9 ya uzito wote. Mtu anayesema kupinda ndiko kulikoiokoa piramidi anaupa uamuzi huo sifa nyingi mno.

Ulisaidia, lakini kwa njia nyingine. Uzito uliokatwa ungekaa katikati, juu ya vyumba kabisa. Kimo cha mawe juu ya katikati kilishuka kwa mita 27, sawa na asilimia 20. Kwa paa la chumba hiyo ni tofauti kubwa kuliko asilimia 9.

Kwa maoni yetu, kilichofanya kazi zaidi ni yale mabadiliko yasiyopigwa picha: kulaza kozi sawasawa. Mawe yanayoinamia ndani hupeleka msukumo katikati. Kwenye piramidi ya ngazi isiyo na nafasi kubwa ndani ya jengo lenyewe, katikati inastahimili. Dahshur walikuwa wameweka matundu humohumo katikati, kisha msingi ukabonyea, na kila kozi iliyoongezwa ikawa inazisukuma kuta za vyumba. Baada ya kuachana na mtindo huo uzito ulianza kushuka wima. Piramidi Nyekundu ilijengwa kwa kozi za kulala tangu jiwe la kwanza, na ndiyo piramidi kubwa ya kwanza yenye pande laini iliyokamilika bila kubadilishwa umbo.

Mshipi ndio uamuzi mbaya kuliko yote, ingawa nia yake inaeleweka. Uliongeza eneo la msingi kwa asilimia 44, wote ukiwa juu ya udongo uleule ambao haukuwa umewahi kubanwa na mzigo. Sehemu ya ndani ilikuwa imeshakaa chini kwa kiasi chake, ya nje ikaanza kukaa upya, na matokeo yake ni ule mvunjiko wa mstari kwenye njia ya kaskazini. Badala ya jengo moja lenye nyufa wakapata majengo mawili yanayoshuka kwa kasi tofauti. Kama wangetandaza nyongeza hiyo juu ya tabaka pana la mawe ya msingi ingekuwa habari nyingine. Ukuta mpya juu ya mfinyanzi mtupu haukuwa na namna ya kuubana ule wa zamani.

Plasta iliwapa kipimo bila wao kukusudia. Ufa uliojazwa jasi ukifunguka tena, unajua mwendo haujakoma. Ni njia ileile ambayo wakaguzi wa majengo wameitumia hadi leo kwa kubandika kipande cha plasta juu ya ufa na kukitazama. Boriti za mwerezi hazina sifa hiyo. Mbao zinazobana kuta za mawe chini ya uzito wa mamia ya maelfu ya tani hazizuii chochote; zinampa msimamizi nafasi ya kusema amechukua hatua.

Paa za kusogeza kozi zilifaulu kabisa. Ndizo sehemu ya muundo ambayo Piramidi Nyekundu iliirudia bila woga, mara tatu, na ambayo Khufu aliifikisha kwenye ukumbi wake wenye kimo cha mita 8.6. Pamoja na hilo Khufu alihamia Giza, kwenye mwamba wa chokaa, na msingi wake ukasawazishwa hadi tofauti ikawa sentimita 2 hivi kwa upande wa mita 230. Mteremko ukarudi juu hadi nyuzi karibu 52, maana sasa ulikuwa na kitu cha kuubeba. Chumba chake cha juu kiliwekewa boriti za itale badala ya mwerezi, na juu yake nafasi tano tupu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Boriti hizo za itale nazo zimepasuka, upande wa kusini, na kwenye nyufa zake kumekutwa plasta ya mafundi wa zamani.